Mwenzi karudi kutoka misheni: Zanzibar, Lushoto, Mikumi au Bagamoyo?

Ndugu wakishasikia kwamba ndege ya kikosi imetua, kila mmoja anakuja na ushauri kuhusu likizo yenu. Wengi watasema Zanzibar, kwa sababu Zanzibar ndiyo jibu la kila fungate. Lakini likizo ya askari aliyerudi kutoka misheni ya kulinda amani si fungate. Maharusi wametoka kwenye shughuli moja na uchovu wao ni mmoja. Hapa mmoja ametoka kwenye kambi ya wanaume mia kadhaa, alikokula kwa foleni na kulala kwa zamu, na sasa anatamani mahali pasipo na mtu. Mwingine ametoka kwenye mwaka mzima wa kulea, kulipa ada na kupeleka watoto hospitali usiku peke yake. Huyu anatamani watu, muziki, na kuvaa gauni zuri akaonekana kashikwa mkono. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana kuchagua ni kugumu.

Nimeolewa na mwanajeshi, na wanaoniuliza swali hili mara kwa mara ni wake wa askari wengine tunaoishi nao kota. Nitaandika kana kwamba mume ndiye aliyekwenda, maana kwa wengi ndivyo ilivyo, ingawa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, hupeleka wanawake pia, na waume zao wanaweza kusoma haya kwa kugeuza majina. Nalinganisha sehemu nne zinazofikika kwa likizo fupi kutoka Dar es Salaam: visiwa vya Zanzibar, milima ya Lushoto, mbuga ya Mikumi na Bagamoyo ya pwani. Kijiji sijakiweka humo. Kwenda kuwaona wazazi ni wajibu na una siku zake, nitaugusia mbele.

Ametoka wapi?

Kabla hujauliza bei ya chumba, fikiria alikokuwa. Tanzania ilipeleka batalioni mashariki mwa Kongo mwaka 2013, baada ya azimio namba 2098 la Baraza la Usalama kuunda brigedi maalumu ya mapigano ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Wengi wamehudumu upande wa Beni: vilima, msitu mnene, mvua, matope hadi magotini, ukungu wa asubuhi. Ni upande huo ambako kambi ya Semuliki ilishambuliwa Desemba 2017 na nchi ikazika vijana wake. Sasa mtu aliyetoka huko ukimpandisha Lushoto wiki ya kwanza, kitakachompokea ni ukungu, msitu na njia nyembamba inayopinda. Wapo wanaostarehe hata hivyo. Wapo pia ambao macho hayatulii, wanapekua kila kichaka huku wewe unawaonyesha maua. Msitu wa Magamba, ule wa Lushoto, ni mzuri mno, ila kwa mtu wa Beni ningeungoja.

Aliyetoka Berbérati, huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, naye amekula vumbi jekundu na misitu mwaka mzima, tena mbali na pwani yoyote. Kwa hawa wawili bahari ni mabadiliko ya kweli, kwa kuwa upeo uko wazi na hakuna kinachoweza kujificha.

Kwa aliyekuwa Lebanon hesabu inageuka. Makao makuu ya UNIFIL, misheni ya Umoja wa Mataifa ya huko, yako Naqoura, kando ya bahari, na tangu Oktoba 2023 eneo lile limesikia makombora na ndege zisizo na rubani kuliko mtu anavyopenda kusimulia. Huyo ameitazama bahari hadi imemchosha, na mara nyingine ameitazama akiwa ndani ya handaki. Mpandishe milimani, akalale na blanketi zito.

Mikumi inahitaji neno la peke yake, kwa sababu watu huiona kama chaguo rahisi la mume: wanyama, gari, pori, vitu vya kiume. Hebu tazama utalii wa mbugani unavyokwenda. Mnaamshwa kabla ya jua. Mnapanda gari la wazi juu. Dereva anaongea kwenye redio ya mawasiliano na wenzake. Mnakwenda polepole, kila mtu anatazama nyasi akitafuta kitu kilichojificha, na kikionekana mnanyamaza na injini inazimwa. Hiyo ni doria. Tofauti yake ni kwamba safari hii anayetafutwa ni simba na hakuna anayelenga gari lenu, na kwa baadhi ya askari tofauti hiyo ndiyo dawa yenyewe: kwa mara ya kwanza wanalitazama pori bila kulihofia. Kwa wengine mabega yanapanda hadi masikioni na hayashuki mpaka mtoke getini. Muulize mapema, ila usiulize "utajisikiaje?" Muulize kama anapenda mwende kwa gari lenu mkipita barabara kuu tu, au muingie ndani na mwongozaji. Jibu lake litakuambia mengi.

Kelele na umati

Hapa ndipo Zanzibar inapogawanyika, na anayesema "twende Zanzibar" bila kutaja upande hajasema kitu.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, zina ufukwe ambao maji hayakimbii mbali hata yakipwa, kwa hiyo mnaogelea karibu saa zote. Lakini pia ndiko kwenye muziki wa usiku, hasa Kendwa na sherehe zake za mbalamwezi. Paje, mashariki, kuna vijana wa michezo ya upepo na baa zao. Teremka kidogo hadi Jambiani pametulia: kijiji, minazi, vyumba vichache vyenye baraza linaloangalia maji. Kasoro yake ni bahari yenyewe. Maji yakipwa yanarudi nyuma hadi karibu na mwamba, mnabaki mnatazama mchanga, madimbwi, na kina mama walioinama kwenye mistari ya mwani wakiwa na maji ya vifundo vya miguu. Ukitaka kuogelea unasubiri yajae, na saa ya kujaa inasogea kama dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, yanakwenda mbali zaidi. Kwa mtu ambaye mwaka mzima ameishi kwa saa za zamu, kupangiwa siku na maji kuna utamu wake. Asubuhi hamna la kufanya, basi. Mnakaa barazani.

Mji Mkongwe ni kitu kingine. Vichochoro vyembamba, kona zisizoonyesha kinachokuja, pikipiki inayotokea nyuma ya mgongo. Mke atapenda maduka na urojo wa Forodhani jioni. Mume atakuwa anatembea hatua moja nyuma akihesabu madirisha. Usiku mmoja unatosha, mwishoni, sio mwanzoni.

Angalieni na kalenda. Usiku wa kuamkia 12 Januari, Zanzibar hurusha fashifashi kusherehekea Mapinduzi, na mkesha wa mwaka mpya hoteli nyingi za ufukweni hufanya hivyo hivyo. Julai kuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambako wanaume huchapana kwa migomba kama sehemu ya mila. Ni jambo la kuvutia kwa mgeni wa kawaida. Kwa mtu anayeruka mlango ukigongwa kwa nguvu, chagueni tarehe nyingine.

Lushoto inashinda zote kwa ukimya. Saa tatu usiku mji umelala, unasikia mbwa wa mbali na upepo kwenye mikaratusi. Mikumi nje ya mbuga ni mji wa barabara kuu na malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita usiku kucha, kwa hiyo chumba cha mjini na chumba cha ndani ya hifadhi ni vitu viwili tofauti kabisa. Bagamoyo siku za katikati ya wiki ni shwari. Jumamosi na Jumapili mabasi ya wanafunzi na vikundi vya kanisa hujaza magofu ya Kaole na makumbusho ya misheni ya Wakatoliki.

Na mke naye?

Miongozo mingi ya aina hii humtazama aliyerudi peke yake, kana kwamba aliyebaki alikuwa likizoni. Lushoto kwa siku mbili ni raha. Siku ya tatu, kama si mtu wa kutembea kwa miguu, mwanamke ambaye mwaka mzima hajatoka anaanza kujiuliza kama amebadilishiwa kota tu. Kuna matembezi ya Irente, ambako ukingo wa mlima unakatika ghafla na unaiona tambarare ya Mazinde na Mombo chini kabisa; kuna jibini na mikate ya shamba la pale pale; kuna soko lenye plamsi na pichi msimu ukiwa wake. Baada ya hapo ni blanketi na mazungumzo. Ikiwa mazungumzo bado ni mazito kati yenu, mlima unayafanya mazito zaidi, kwa sababu hakuna pa kukimbilia.

Zanzibar ndiyo inayompa mke nafasi ya kupumua peke yake bila ugomvi. Anaweza kwenda kusingwa na kupakwa hina, akarudi jioni ananukia, na mume kalala mchana kutwa barazani bila mtu kumsemesha. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipe pointi, kuliko hata bahari. Sehemu nzuri kwa wawili waliokaa mbali kwa muda mrefu ni ile ambayo kila mmoja anaweza kupotea kwa saa mbili na asitafutwe.

Mikumi haikupi hilo. Mko ndani ya gari moja, mnaona twiga mmoja, mnarudi pamoja. Bagamoyo inakupa kiasi.

Jambo la chumba, na hili ni kwa sehemu zote nne: ombeni cha mwisho wa korido au chenye mlango wake wa nje, mbali na jenereta na jikoni. Mwacheni achague upande wa kitanda. Atachukua ule unaoona mlango na hilo si la kubishania. Akishtuka usingizini msimtikise. Mwite jina ukiwa umesimama pembeni, washa taa. Kama usingizi mbovu, hasira au ukimya vinapita mwezi na havipungui, suala hilo si la hoteli tena. Vikosi vina waganga, na Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo ipo kwa ajili hiyo hiyo.

Njia ya kufika

Boti ya mwendo kasi hadi Unguja ni chini kidogo au juu kidogo ya saa mbili. Zile saa mbili si tatizo. Tatizo ni bandari ya Dar kabla yake, na wapagazi wanaoshika begi lako kabla hujasema karibu. Nimemwona mwanamume mtu mzima, mtulivu wa kila siku, akimshika mkono mpagazi kwa namna ambayo watu waligeuka kutazama. Mizigo iwe midogo, kila mtu abebe yake, mfike mapema. Kati ya Juni na Septemba kusi likivuma mkondo wa bahari huchafuka, na mwenye tumbo jepesi atalikumbuka. Ndege ndogo ni kama dakika 20, ghali zaidi, lakini kwa safari hii moja inaweza kuwa pesa iliyotumika vizuri. Kitambulisho cha NIDA kinatosha kwa Mtanzania.

Lushoto ni mbali: zaidi ya kilomita 350, kupitia Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha mnapanda kilomita 33 za kona. Upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde, na masika huporomosha udongo barabarani. Mkienda kwa gari lenu, mwenye kukaa usukani awe ni yule ambaye hawezi kustahimili kuwa abiria, na kwa kawaida ni yeye.

Mikumi imekuwa rahisi tangu treni ya SGR ianze Dar hadi Morogoro Juni 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000, mnafika chini ya saa mbili, mnatafuta gari la kama kilomita 100 zilizobaki. Treni ina faida isiyosemwa: hakuna matrafiki, hakuna vizuizi, hakuna mtu anayesimamisha gari kuchungulia ndani. Bagamoyo ni kama kilomita 65 tu. Mambo yakiharibika usiku wa kwanza, asubuhi mko nyumbani na hakuna aliyejua.

Fedha, na simu ya mama mkwe

Watu mtaani wanapiga hesabu za Umoja wa Mataifa. Mwaka 2018 Baraza Kuu lilipanga dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari wa kulinda amani, na takwimu hiyo ikishafika kijiweni kila mtu anaigawa. Kinachosahaulika ni kwamba fedha hiyo hurejeshewa serikali iliyopeleka askari. Anachopata askari kinapangwa na nchi yake. Msilipie chumba kwa pesa ambayo bado haijaingia kwenye akaunti, hata kama aliyewaambia "inaingia Ijumaa" ni mtu wa uhakika.

Kwa gharama, Bagamoyo ni nafuu kuliko zote. Lushoto inafuata, kwa kuwa nyumba za wageni ni nyingi na chakula ni cha shambani. Mikumi kiingilio kwa raia wa Afrika Mashariki ni kidogo mno ukilinganisha na cha wageni wa nje. Kinachokula pesa ni gari la kuingilia. Zanzibar ni ghali, na kule ulizeni bei ya mkazi kabla ya yote. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukitajiwa dola, omba shilingi bila aibu.

Halafu kuna simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nasikia mnakwenda kutembea, na huku hatujamtia mtu machoni?" Mama ana haki yake, na jibu la "tutakuja" halimtoshi kwa sababu amelisikia mwaka mzima. Mpe siku: "Tunakuja Jumapili ya wiki ijayo, mama, tutalala kwako." Kisha mwende kweli. Mwenye wazazi upande wa Tanga anaweza kuunganisha na Lushoto, na hilo peke yake limewahi kumaliza mjadala katika nyumba ninazozijua. Ila mtangulize wazazi, mlima ufuate. Mkianza na mlima, zile siku mtazikalia roho juu.

Muda na ruhusa

Msiende wiki ya kwanza. Mwacheni alale kwake, watoto wamzoee, avunje vitu viwili vitatu jikoni akitafuta mahali mlipohamishia sukari. Sababu nyingine ni ya afya: aliyetoka Kongo au Afrika ya Kati anaweza kuwa na malaria inayojitokeza wiki kadhaa baada ya kurudi, na homa ya ghafla mkiwa Irente ni shida. Homa yoyote katika miezi hiyo ya mwanzo ipimwe, wala isipewe panadol ikasahauliwa.

Ruhusa ya kikosi iandikwe na itaje mnakokwenda. Likizo ya jeshi inaweza kukatishwa, hivyo chagueni mahali panapokubali kusogeza tarehe, hata kama ni ghali kidogo. Na zile kofia na fulana za mabaka zibaki nyumbani. Mwaka 2023 jeshi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Mke kupiga picha ufukweni na kofia ya mume ni kujitafutia maswali.

Kwa msimu, Aprili na Mei mvua za masika huharibu karibu kila kitu: njia za ndani Mikumi huwa tope, Lushoto hutereza, na Zanzibar baadhi ya hoteli hufunga au hushusha bei. Mkipata likizo miezi hiyo, Bagamoyo au bei ya chini ya Unguja ndiyo mnayobaki nayo. Juni hadi Agosti Lushoto ni baridi ya kweli, bebeni masweta.

Ningechagua vipi

Kwa aliyetoka Beni au Berbérati: Jambiani, katikati ya wiki, mwezi usio na sherehe, na usiku wa mwisho Mji Mkongwe kwa ajili ya mke. Kwa aliyetoka Lebanon: Lushoto, mkipitia wazazi kwanza. Mikumi naiweka kwa wenye ndoa ya miaka mingi ambao hawahitaji kuongea sana, na kwa safari ya pili, si ya kwanza.

Wasomaji wa Kenya, mnaotoka upande wa Jubaland huko Somalia, ambako jeshi la Kenya, KDF, limekuwapo tangu Oktoba 2011, hesabu ni ile ile: aliyekula joto na vumbi la Somalia apelekwe Naivasha au Nanyuki penye baridi, na pwani ije baadaye. Lamu mjini ni tamu, lakini msitu wa Boni uko jirani na majina ya kule huenda anayajua kwa sababu za kazi.

Usimpe orodha ya vitu kumi achague. Mwaka mzima ameambiwa aende wapi na saa ngapi, na swali la "baba watoto, twende wapi?" litapata jibu la "popote utakapo, mama," ambalo si jibu. Mpe mawili: bahari au mlima.

Akisema hataki kwenda popote, mpeleke Bagamoyo usiku mmoja, Jumanne au Jumatano, bila kumwambia mtu. Samaki wa kukaanga, chumba chenye neti nzima, mnalala. Akiamka anataka kuendelea, kutoka pale kuna barabara ya lami hadi Msata inayowaunganisha na njia kuu ya Tanga, na jioni mnaweza kuwa Lushoto bila kurudi Dar.